Daktari Lee na Vidonge vya CTC

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: ukiwaacha waimbaji na waigizaji, ni mtu gani wa asili ya Korea, wa zamani au wa leo, ambaye wasomaji wetu wangepaswa kumfahamu? Najua wengi watamtaja Ban Ki-moon, na hawatakosea. Aliongoza Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2016, na naibu wake wa kwanza alikuwa Mtanzania mwenzetu, Dkt. Asha-Rose Migiro. Wengine watamtaja Han Kang, mwandishi aliyepata Nobel ya fasihi mwaka 2024. Mimi ni muuguzi, na namtaja daktari: Lee Jong-wook, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani kuanzia Julai 2003 hadi alipofariki Mei 2006.

Nilipoanza kazi wodini, mgonjwa wa UKIMWI tulimpa tulichokuwa nacho: septrini (antibiotiki ya kuzuia maambukizi), dripu, dawa ya kuzuia kuhara, na maneno ya kumtia moyo. Dawa za kurefusha maisha, yaani ARV, tulizisikia tu. Wenzetu wa Ulaya na Marekani walikuwa nazo tangu 1996, kwa bei ya zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Hata viwanda vya India vilipotengeneza za kwao na bei ikaporomoka, wakubwa waliendelea kusema Afrika haiziwezi: madaktari hawatoshi, maabara hakuna, wagonjwa hawataweza kufuata ratiba. Mwaka 2001 Andrew Natsios, mkuu wa USAID, shirika la misaada la Marekani, alisema hadharani kwamba Waafrika wengi hawajui kwenda na saa, kwa hiyo dawa hizo zisingewafaa. Maneno yale yaliniuma sana, na yananiuma mpaka leo, maana yalisemwa juu ya watu tuliokuwa tukiwaogesha na kuwalisha kwa mikono yetu.

Lee aliingia ofisini Geneva Julai 2003. Septemba mwaka huohuo alitangaza kwamba ukosefu wa dawa hizi ni dharura ya afya ya dunia, na tarehe 1 Desemba, Siku ya UKIMWI, shirika lake pamoja na UNAIDS, mpango wa Umoja wa Mataifa wa kupambana na UKIMWI, wakatoa mpango wenyewe: watu milioni 3 wa nchi maskini wawe wanatumia dawa ifikapo mwisho wa 2005. Wakati huo waliokuwa wakizipata katika nchi hizo ni kama 400,000 tu.

Namba ile iliwashangaza watu, lakini mimi namheshimu zaidi kwa jinsi kazi ilivyopangwa. Michanganyiko ya dawa za kuanzia ilipunguzwa ikabaki minne. Mmoja wao uliweza kutiwa ndani ya kidonge kimoja chenye stavudini, lamivudini na nevirapini, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Palipokosekana kipimo cha CD4, yaani cha kupima kinga ya mwili, mgonjwa aliweza kuanzishiwa dawa kwa kuangalia dalili na hatua ya ugonjwa. Matabibu na wauguzi nao wakakabidhiwa sehemu kubwa ya kazi iliyokuwa ya daktari peke yake. Kwa kituo chenye tabibu mmoja na wauguzi wawili, hiyo ndiyo iliyofungua mlango. Kliniki zetu za CTC, yaani za huduma na matibabu kwa wenye virusi vya UKIMWI, hapa Tanzania zilianza mwaka 2004, na kidonge tulichokipokea wengi wetu ni Triomune, yenye dawa hizo tatu: ya stavudini miligramu 30 kwa mwenye uzito chini ya kilo 60, ya 40 kwa aliyezidi hapo. Wiki mbili za mwanzo jioni tulimpa kidonge kisicho na nevirapini, kuuzoesha mwili.

Mgonjwa alirudi kliniki na kopo lake. Tulimwaga vidonge kwenye trei, tukahesabu vilivyobaki, tukaandika kwenye kadi. Wasiokuwa na saa walijipangia wenyewe: wengine walimeza kwa adhana, wengine kwa taarifa ya habari ya redio saa mbili usiku. Tukihesabu, vidonge vinatimia. Natamani Natsios angeketi nasi kwenye meza ile.

Siwezi kuficha kwamba stavudini ilikuwa na madhara. Ilileta ganzi ya miguu, ikabonyeza mashavu mpaka mtu akatambulika mtaani kwa sura, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri iachwe polepole. Wagonjwa waliipata taabu hiyo kweli. Lakini walikuwa hai kuisimulia, na walipohamishiwa dawa nyingine walihama kwa miguu yao.

Ilipofika Desemba 2005 hesabu ya waliokuwa wakitumia dawa katika nchi maskini ilikuwa milioni 1.3. Lengo halikufikiwa, hata nusu yake, na Lee alisemwa sana. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaomkumbuka kama aliyeahidi akashindwa. Kusini mwa Sahara watu waliokuwa kwenye dawa walipanda kutoka 100,000 hadi 810,000 kwa miaka miwili. Angeweka lengo dogo la kujilinda, angelifikia, akapigiwa makofi, na sisi huku tungebaki na septrini. Aliweka lengo ambalo lingemfanya aulizwe, na alikubali kuulizwa.

Alizaliwa Seoul Aprili 1945, miezi michache kabla ya utawala wa Japani kuondoka Korea, na vita vilipoanza 1950 alikuwa mtoto wa miaka mitano. Akiwa mwanafunzi wa udaktari alijitolea katika kijiji cha watu wenye ukoma karibu na Seoul. Huko alikutana na Kaburaki Reiko, Mjapani ambaye pia alikuja kujitolea, wakaoana. Kwa Mkorea wa rika lake kuoa Mjapani halikuwa jambo jepesi. Alifanya kazi hospitali ya Samoa ya Marekani, kisha mwaka 1983 akaajiriwa na Shirika la Afya Duniani huko Fiji, kwenye ukoma tena. Baadaye zikafuata polio, chanjo za watoto na kifua kikuu. Alipogombea ukurugenzi mkuu alichuana na watu wazito, akiwamo Pascoal Mocumbi, daktari aliyekuwa Waziri Mkuu wa Msumbiji, na baada ya duru kadhaa za kura akawa Mkorea wa kwanza kuongoza shirika la Umoja wa Mataifa.

Idara ya UKIMWI alimpa Jim Yong Kim, mzaliwa wa Seoul aliyekulia Iowa, Marekani. Kim na wenzake walikuwa wameshatibu kifua kikuu sugu kwenye vitongoji maskini vya Lima, Peru, wakati wataalamu wengi wakisema haiwezekani. Baadaye, 2012 hadi 2019, akawa Rais wa Benki ya Dunia. Reiko naye alikuwa akifanya kazi Lima, akiwafundisha wanawake wa huko kazi za mikono wapate kipato.

Nimesoma pia juu ya waganga wa Korea waliomtangulia, na naona wanafanana naye. Heo Jun, tabibu wa mfalme, alimaliza mwaka 1610 kitabu kikubwa cha tiba cha juzuu 25, kilichochapwa 1613. Humo alitilia mkazo mimea inayoota nchini mwao na kuiandikia majina yanayotumiwa na watu wa kawaida, ili asiye na uwezo wa kununua dawa za China asife na dawa iko nyuma ya nyumba. Yuko pia Esther Park, mwanamke wa kwanza wa Korea kusomea udaktari wa kisasa. Alihitimu Baltimore mwaka 1900. Mumewe, aliyekuwa akifanya vibarua ili mke asome, alikufa kwa kifua kikuu muda mfupi kabla ya mahafali. Esther akarudi kwao, akatibu kwa miaka kumi, na kifua kikuu kikamchukua na yeye mwaka 1910.

Na wa karibu nasi zaidi ni padri Lee Tae-seok, wa shirika la Kikatoliki la Wasalesiani, naye daktari, aliyekwenda Tonj, Sudan Kusini, vita vikiwa bado vinaendelea. Aliwafundisha vijana wa huko bendi ya matarumbeta. Wagonjwa wa ukoma hawakuweza kuvaa viatu vya dukani kwa sababu miguu yao ilikuwa imeliwa kila mmoja kwa namna yake, basi aliweka karatasi chini, akamwambia kila mmoja akanyage, akachora ukingo wa mguu ule kwa kalamu, na viatu vikashonwa kwa mchoro huo. Wauguzi mnaosafisha vidonda vya miguu kila siku mtaelewa ile kalamu ilivyokuwa na thamani. Alifariki kwa saratani Januari 2010, akiwa na miaka 47. Wawili kati ya vijana wake wa Tonj walisomea udaktari Korea, katika chuo kilekile alichosoma yeye.

Lakini mmeomba jina moja, na langu ni Lee Jong-wook. Aliugua ghafla Geneva, akafanyiwa upasuaji wa damu iliyoganda kichwani, akafa tarehe 22 Mei 2006, siku ileile mkutano mkuu wa shirika lake ulipofunguliwa. Alikuwa na miaka 61. Korea ilianzisha kwa jina lake mafunzo ya watumishi wa afya kutoka nchi kama zetu, Tanzania na Uganda zikiwamo. Nawaomba wahariri mara nyingine mtakapoandika historia ya ARV Afrika Mashariki, mkishataja wafadhili na mawaziri, mtajeni na huyu.