Kitabu cha Zamani cha Mapambo: Chukua Vipimo, Rangi Ishuku

Dada mmoja wa Morogoro ametuma picha mbili. Ya kwanza ni ukurasa wa kitabu cha mapambo ya nyumba cha miaka ya 1970: sebule ya Uingereza, ukuta wa kijani cha zeituni, kochi la rangi ya tangawizi. Ya pili ni sebule yake baada ya kuupeleka ukurasa huo duka la rangi, mashine ikausoma na galoni mbili zikachanganywa. Ukuta umetoka kama kisamvu kilicholala. Anauliza amlaumu nani, fundi au duka.

Fundi kasingiziwa. Mashine nayo ilisoma sawasawa, ila ilichosoma ni karatasi iliyozeeka. Miaka hamsini ya hewa na mwanga huigeuza karatasi manjano, na wino nao hupauka, kila rangi kwa mwendo wake. Ongeza filamu za enzi hizo: filamu ya mwanga wa jua ikipigwa chini ya balbu, chumba kizima huonekana cha chungwa. Kwa hiyo kabla ya kuipenda rangi ya ukurasani, tafuta kwanza kitu ambacho lazima kilikuwa cheupe, kama sahani, shuka au fremu ya dirisha. Kikiwa kimekuwa krimu, jua ukuta nao umebeba krimu ileile. Kisha kata matundu mawili kwenye karatasi nyeupe, moja uliweke juu ya kile cheupe, la pili juu ya ukuta. Jicho likikosa picha nzima ya kulidanganya, linasema kweli.

Hata hapo usinunue galoni. Kwenye kadi ya rangi ya duka shuka hatua mbili kuelekea weupe, maana rangi iliyo tulivu kwenye kipande cha sentimita tano hukolea ikijaa kuta nne. Nunua kopo dogo kuliko yote, paka kipande cha boksi cha sentimita 60 kwa 60 mara mbili, ukiegemeze ukutani asubuhi, mchana na usiku. Usiku ndipo wengi huumbuka. Balbu nyingi za bei rahisi madukani kwetu ni za 6500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga), mwanga wa kibuluu unaoua kila rangi ya udongo, wakati vyumba vya vitabu vile viliwashwa balbu za nyuzi zenye mwanga wa manjano. Namba imeandikwa kwenye boksi la balbu; tafuta 2700K hadi 3000K. Dada wa Morogoro aanze hapo, kabla hajashika brashi.

Kilicho cha thamani kwenye vitabu hivi ni vipimo, na hivyo havipauki. Mlango wa kawaida wa ndani Uingereza una urefu wa karibu sentimita 198. Chukua rula, pima mlango ulio pichani: ukiwa milimita 66, basi kila milimita ni sentimita 3. Sasa pima fremu iliyotundikwa ukuta huohuo. Mara nyingi utakuta katikati ya fremu ni sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Linganisha na picha ya harusi kwenye sebule zetu, imebanwa chini ya dari kana kwamba inaogopa watoto. Hesabu hii inafaa kwa vitu vilivyo kwenye ukuta mmoja na mlango tu. Kochi lililo karibu na kamera litakudanganya.

Kama hujabahatika kukuta kitabu kwa wauzaji wa mitumba, The Decoration of Houses cha Edith Wharton na Ogden Codman, cha mwaka 1897, haki zake zimekwisha na kinasomeka bure mtandaoni. Ni kitabu cha matajiri wa Marekani, na nusu yake huna kazi nayo. Soma sura za kuta, milango na madirisha. Hoja yao ni kwamba chumba hupendeza kwa uwiano wa sehemu zake kabla hakijawekwa hata kiti kimoja, na ukuta una chini, kati na juu.

Hilo ndilo litakalookoa sebule ya Morogoro. Chumba ni mita 3 kwa 3.5, dari mita 2.7. Theluthi ya chini, sentimita 90, ibaki kijani. Juu ipakwe nyeupe iliyopoa. Piga alama za sentimita 90 kwa mpira wa maji (ule wa mafundi wa kupimia usawa), usipime kutoka sakafuni kila kona, sakafu nyingi zimeinama. Piga msasa mwepesi, futa vumbi. Bandika tepu ya karatasi chini ya mstari, juu ya kijani, kisha pitisha kijani kidogo kwenye ukingo wa tepu. Watu huruka hatua hii, halafu nyeupe inapenya chini ya tepu na mstari unakuwa na meno. Kijani kikitangulia kupenya, kinaziba mwanya, wala hakionekani. Kikikauka, paka nyeupe. Eneo la juu, ukitoa mlango na dirisha, ni kama mita za mraba 21. Lita moja hufika karibu mita 10, na juu ya kijani iliyokolea itahitaji mikono mitatu, yaani kupakwa mara tatu. Galoni mbili za lita 4 zinatosha. Tepu ibanduliwe mkono wa mwisho ukiwa bado mbichi, ukivuta kwa mshazari. Ukingoja ikauke, inang'oka na ngozi ya rangi.

Yapo mengine kwenye vitabu hivi vya zamani ya kuacha ukurasani. Vigae vya dari vya foamu, hasa vilivyopakwa rangi ya mafuta, hushika moto upesi na kudondosha matone yanayowaka. Shiti za asbesto karibu na jiko, usiziguse wala kuzikata. Mazulia ya manyoya marefu na mapazia ya mahameli, kwa mtu wa Tanga au Mombasa, ni shamba la ukungu. Hata ushauri wa "chumba cha kaskazini kina baridi, kipake manjano" uliandikwa kwa jua la Ulaya; kwetu ukuta wa kuhofia ni wa magharibi, unaopigwa jua la alasiri.

Kati ya zile galoni mbili za kijani, ile isiyofunguliwa duka halitairudisha, imeshachanganywa. Ifunge vizuri, iweke kivulini. Miguu ya viti ikianza kukwaruza theluthi ile ya chini, ataihitaji.