Kalamu Mpya ni Mgeni: Siku ya Tatu Ipe Jembe

Tone la wino lilidondoka katikati ya kumbukumbu za kikao, juu kabisa ya jina la mwenyekiti. Si doa la kusingizia mkono. Lilikuwa tone hasa, limevimba kama ushanga, likatulia kidogo kisha likaanza kuitafuna karatasi. Kalamu yenyewe ilikuwa na wiki tatu tu mkononi mwangu. Ndiyo iliyokuwa kalamu yangu ya kwanza ya wino ya pistoni, na nilikuwa nimeisifu kwa kila aliyekubali kunisikiliza. Jirani yangu kwenye kiti cha kushoto alinisogezea karatasi ya chooni bila kusema neno.

Kosa lilikuwa langu, nilikuwa nimeipima vibaya. Siku ya kuinunua niliandika jina langu mara nne, nikaona inateleza, nikalipa. Sasa nimezitumia kalamu za aina hii miaka kadhaa, kwa kazi na si kwa pambo, na najua kwamba mistari ile minne haikuniambia lolote. Kalamu yoyote iliyotoka kuchovywa kwenye wino huandika vizuri. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe langu mimi ni kuijaza mara tatu: naijaza, naitumia mpaka ikauke kabisa, naijaza tena, na tena, kwa shughuli zangu zile zile na karatasi zangu zile zile. Hapo ndipo natoa hukumu.

Kwa ambaye hajawahi kuishika: kalamu hii haina katriji, yaani kijichupa cha wino cha kubadilisha, wala kile kibomba kidogo cha kuchomeka ndani. Mwili wake wenyewe ndio tangi. Nyuma kuna kirungu. Ukikizungusha kinyume cha mshale wa saa, pistoni inashuka hadi karibu na nibu, ile ncha ya kuandikia. Unaizamisha nibu yote kwenye kichupa, unarudisha kirungu, pistoni inapanda ikivuta wino. Ni kama bomba la sindano, ila hapa pistoni inasukumwa na skrubu. Umbo tunalolijua leo lilianzia mwaka 1929, pale kampuni ya Pelikan ya Hannover, Ujerumani, ilipotoa kalamu iliyotokana na hataza ya mhandisi Theodor Kovács. Ujanja wake ni nyuzi mbili tofauti za skrubu zinazofanya kazi pamoja, hivyo kirungu kinachomoza kidogo tu huku pistoni ikisafiri karibu tangi zima. Vyaelea vimeundwa.

Faida yake kubwa ni ujazo. Kibomba cha kuchomeka kwa kawaida hubeba wino usiofika mililita moja. Matangi mengi ya pistoni yako kati ya mililita 1.2 na 2. Kwa mtu anayeandika kutwa, hiyo ndiyo tofauti ya kujaza kila baada ya siku mbili tatu na kujaza mara moja kwa wiki. Lakini usiamini namba iliyoandikwa kwenye boksi. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, jaza kalamu maji, yamwage kwenye kikombe kidogo, kisha yavute na bomba usome mistari. Kalamu yangu moja iliyotajwa kuwa ya mililita 1.5 ilinipa 1.1. Haikuwa mbovu, ila kwa mvuto mmoja hewa hubaki juu ya wino. Dawa yake ni hii: baada ya kujaza, geuza nibu itazame juu, subiri hewa ipande, zungusha kirungu taratibu uitoe mpaka wino uchungulie, kisha rudi kwenye kichupa ukamalizie. Baada ya hapo dondosha matone mawili matatu yarudi kichupani, ufunge kirungu nibu ikiwa juu, ufute. Nilipofanya hivyo ilifika 1.4, nikaisamehe.

Sasa turudi kwenye lile tone. Tangi likijaa, hakuna kitu ndani isipokuwa wino. Kadiri unavyoandika, hewa inaingia kujaza nafasi. Likibaki robo, umeshika chupa ya hewa yenye wino kidogo chini. Mkono wako una joto. Hewa inapata joto, inatanuka, inausukuma wino utoke njia pekee iliyopo. Kile kipande chenye mifereji kilicho chini ya nibu kimetengenezwa kupokea ziada hiyo na kuishikilia, na kazi ya kukipima ndiyo hii: je, kinashikilia? Siku ile nilikuwa nimeiweka mezani kwenye ubaridi wa feni muda mrefu, nikaishika ghafla nikaanza kuandika kwa kasi, na wino ulikuwa umekaribia kwisha. Hakuna mistari minne ya majaribio ambayo ingenionyesha hilo.

Kwa hiyo, ukitaka kuijua kalamu ya pistoni, kaa nayo kwenye robo ya mwisho ya tangi. Usikimbilie kujaza. Ishike kiganjani dakika tano bila kuandika, kisha andika aya nzima. Ikiwa mstari unanenepa ghafla, au nibu inang'aa kwa wino uliozidi, umeshaona tabia yake. Nyingine hazifanyi kabisa. Nyingine hufanya kidogo tu na unaweza kuishi nazo kwa kujaza mapema. Ile iliyoniaibisha niliigundua kuwa ya kundi hili la pili; naijaza ikifika theluthi, na haijanimwagia tena.

Kuhusu nibu, watu wanapoteza muda mwingi kujadili dhahabu na chuma. Kinachogusa karatasi si dhahabu wala chuma cha kawaida, ni kidonge kidogo cha metali ngumu kilichochomelewa kwenye ncha. Nibu ya chuma iliyonolewa vizuri hushinda ya dhahabu iliyonolewa ovyo, nami nimeandikia zote mbili. Upana ndio wa kuangaliwa: F (alama ya nibu nyembamba) ya Japani kwa kawaida ni nyembamba kuliko F ya Ujerumani, kwa hiyo herufi iliyochorwa kwenye nibu usiichukue kama kipimo cha dunia nzima. Chukua lenzi ya kukuzia utazame kama meno mawili ya nibu yako sawa. Jino moja likiwa juu ya mwenzake, kalamu itakwaruza kila unapoandika kuelekea upande mmoja.

Mtihani wangu wa nibu ni wa Kiswahili. Naandika "nimemnunulia" mara kumi kwa kasi ya kawaida. Neno hilo ni msururu wa milima midogo, na nibu ikiwa nene kuliko mwandiko wako, milima yote inaungana inakuwa ukuta. Kisha "wenyewe", niangalie kama matundu ya "e" yako wazi au yamezibwa. Halafu "ng'ang'ania". Hapo unanyanyua kalamu kuweka kile kibanzi cha ng' mara mbili ndani ya neno moja, na kibanzi ni mguso mdogo mno. Nibu yenye uvivu wa kuanza itakiruka. Niliwahi kuwa na kalamu iliyoandika mistari mirefu kama maji, lakini kila "ng'ombe" wangu alikuwa "ngombe". Nilivumilia kujaza mbili nikiamini itazoea. Kalamu haizoei, mkono ndio unaozoea, na wangu ulianza kukandamiza bila mimi kujua mpaka kidole cha shahada kikauma.

Fanya mtihani huo kwenye karatasi unayotumia kweli. Kwenye karatasi nzito na laini kila wino ni mzuri. Mimi maisha yangu ni karatasi nyepesi za mashine ya fotokopi, ambazo wino mwingi huota mizizi pembeni mwa herufi na kutokeza upande wa pili. Kalamu inayomwaga wino kwa ukarimu ni raha kwa mwenye daftari la maana. Kwangu ni hasara ya nusu ya karatasi.

Kifuniko ni jambo ambalo hakuna aliyenionya. Kalamu nyingi za pistoni zina kifuniko cha kuzungusha. Ukiandika barua, unafungua mara moja. Ukiwa mtu wa kuandika namba ya simu, kuweka tiki, kusaini, kisha kufunga, utakizungusha mara hamsini kwa siku, na mara ya ishirini utaanza kuiacha wazi, na nibu itakauka. Hesabu inachukua mizunguko mingapi. Mmoja au mmoja na nusu ni sawa. Mitatu ni adhabu. Lamy 2000, iliyobuniwa na Gerd A. Müller na kuuzwa tangu 1966, ni ya pistoni lakini kifuniko chake kinavutwa tu, na naamini hiyo ni sababu mojawapo ya wengi kuifanya kalamu ya kazi na si ya kabatini. Kingine cha kupima: iache imefungwa kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi. Ikianza kuandika papo hapo Jumatatu, kifuniko kinaziba vizuri. Ikihitaji kukung'utwa, hiyo ndiyo Jumatatu yako kila wiki.

Na kama una mazoea ya kuchomeka kifuniko nyuma unapoandika, kuwa macho. Kule nyuma ndiko kilipo kirungu. Ukikikaza huku unakizungusha, unaweza kuwa unaishusha pistoni bila kujua, na wino utakuja kukusalimia. Mimi iliniwahi suruali. Kwenye baadhi ya kalamu hakuna shida, kifuniko kinashika mwili na kuacha kirungu huru. Zipo ambazo kinakaa juu ya kirungu chenyewe. Ijaribu ikiwa na maji, si wino.

Uzito ni wa mkono wako. Pelikan M200 ina takriban gramu 14, Montblanc 149 inapita 30, na zote mbili zina watu wanaoziapia. Uzito sitaujadili zaidi ya hapo, ila kumbuka kwamba kirungu na skrubu zake vikiwa vya chuma, kalamu inalemea nyuma, na ukurasa wa nane ndio unaouona mzigo huo.

Kidirisha cha kuonea wino ni muhimu kuliko urembo wote. Kalamu ya katriji unaweza kuibebea katriji ya akiba mfukoni, lakini ya pistoni inakutaka uwe na kichupa, na kichupa hakikai mfukoni. Lazima ujue asubuhi kama tangi litafika jioni. Nyingine zina mwili mzima unaoonyesha, nyingine zina vijidirisha vyembamba ambavyo ni lazima uelekeze kwenye taa ukikunja jicho. Ukinunua iliyokwishatumika, hapo hapo kwenye kidirisha tazama nyuma ya pistoni. Ukiona wino upande wa kirungu, kizibo cha pistoni kimechoka, na bei inapaswa kuzungumzwa upya.

Usafi unahitaji subira. Huwezi kulitenganisha tangi kirahisi kama kibomba cha kuchomeka, kwa hiyo unavuta maji ya baridi na kuyatoa, unavuta na kuyatoa, mpaka yatoke meupe. Kwa wino mwekundu nimewahi kufika mara arobaini. Maji ya moto na spiriti viweke mbali, vinaharibu plastiki. Na usiweke kamwe wino wa wachoraji wenye lakiri ndani yake: ukikauka kwenye mifereji, basi tena. Hata ule wenye chembe za kumetameta siuweki kwenye pistoni, kwa sababu chembe hutuama na kukaa kwenye kona nisizofikia. Mtu anayependa kubadilisha rangi kila siku mbili namshauri achukue kalamu ya katriji bila kuona haya. Pistoni ni ya mwenye wino mmoja.

Kirungu kikianza kuwa kizito, usitumie nguvu. Tone dogo la grisi ya silikoni, la kiasi cha ncha ya kijiti cha meno, likipakwa ndani ya ukuta wa tangi, linarudisha ulaini. Kampuni ya TWSBI huuza kalamu zao za pistoni zikiwa na grisi na ufunguo wake kwenye boksi, na za Pelikan za mfululizo wa M unaifungua nibu kwa kuizungusha na kuingiza kijiti kwa mbele. Iwe silikoni tu. Mafuta ya kupikia, ya mashine ya kushonea, ya baiskeli, yote hapana.

Mezani kwangu sasa iko moja ambayo ipo kwenye kujaza kwa pili. "Ng'ang'ania" imeandika bila kuruka. Jumatatu iliamka yenyewe. Kifuniko kinachukua mizunguko miwili na robo, na hiyo robo inaniudhi kuliko inavyostahili. Tangi limebaki theluthi, feni iko juu, na kikao kijacho ni Alhamisi. Nitakwenda nayo, ila kumbukumbu nitaziandika kwa ile ya zamani.