Kabla hujaikata pampu ya maji ya Subaru yako

Jumanne usiku kijana mmoja wa Mwanza kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nimeona video yako ukipanda mlima Kitonga nyuma ya malori, geji ya joto la injini imesimama 88. Na mimi nataka kufunga pampu ya maji ya umeme kwenye WRX yangu. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilianza kukujibu palepale kwenye simu, nikajikuta nimeandika mpaka kidole gumba kinauma. Bora nikujibu hapa, maana mnaouliza swali hili ni wengi na wote mmeiona ile 88 tu. Bei yake hamkuiona.

Gari langu ni Subaru Impreza WRX STI ya 2003, injini EJ207, lita mbili na tabo. Nililinunua kwa hela ambayo mama Aisha alikuwa anajua ni ya kiwanja cha Kibaha. Hilo tuliache.

Kwa Dar, gari la namna hii linateseka kwenye foleni kuliko kwenye mwendo. Pampu ya maji iliyotoka nayo kiwandani inazungushwa na mkanda wa taimingi, kwa hiyo inakimbia injini ikikimbia na kulala injini ikilala. Umelichapa gari kutoka Kibamba, umefika Ubungo saa kumi na moja jioni, umesimama. Tabo ina moto wa kukaangia samaki, injini inazunguka mara 700 kwa dakika, na pampu inajikokota hivyo hivyo. Ukizima gari ndiyo mbaya zaidi: pampu imekufa, na joto la tabo linabaki kuchemsha maji yaliyotuama. Pampu ya umeme haina habari na mzunguko wa injini. Inasukuma maji kufuatana na joto, na gari likishazimwa inaendelea dakika mbili tatu. Wala si mambo ya vijana wa mbio peke yao. Prius iliyotoka 2009 injini yake haina mkanda wa nje hata mmoja, na pampu ya maji ni ya umeme. BMW walishaiweka kwenye injini yao ya N52 katikati ya miaka ya 2000.

Langu lilichemsha mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Fundi wa kwanza akang'oa thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. "Bongo joto, bosi, hiki kitu ni cha Wazungu." Nikamlipa na kumshukuru juu. Matokeo yake asubuhi injini ikawa haipati joto lake, inakula mafuta kama lori, na jioni kwenye foleni kuchemsha kuko palepale. Fundi wa pili akasema pampu imechoka, na hapo alisema kweli, maana maji yalikuwa yanavuja kwa ndani ya kava la mkanda. Ndipo nikaamua nisinunue pampu kama ile ile. Nikaagiza ya umeme, ya Davies Craig wa Australia, ile ya lita 115 kwa dakika. Bei yake ukijumlisha na usafiri ilikaribia kodi yangu ya miezi mitatu ya nyumba ya Tabata. Nilipoitoa kwenye boksi niliishika kama mtoto mchanga.

Sasa hapa ndipo nilipofanya ujinga. Baada ya kumwaga hela yote ile kwenye pampu, nikabania kwenye kidhibiti, yaani kile kiboksi kinachosoma joto na kuiamuru pampu. Nikachukua cha bei ya kutupa, kina kioo cha kuonyesha nyuzi joto na basi. Halafu nikabania tena kwenye fundi umeme.

Kazi ya bomba ilikwenda vizuri, nijisifu kidogo. Kwenye injini hizi za EJ huwezi kuitoa tu pampu ya zamani ukaiweka pembeni, kwa sababu mkanda wa taimingi unapita juu ya puli yake. Ukiitoa, mkanda hauna pa kuegemea, na kwenye injini hii mkanda ukiruka, vali na pistoni zinakutana. Kwa hiyo tulinunua pampu mpya ya kawaida, tukakata mapanga yake yote yanayosukuma maji, tukairudisha ikiwa puli inazunguka bure. Mafundi wa Gerezani walikusanyika kutazama. Mmoja akauliza, "Unanunua pampu mpya halafu unaikata?" Wakacheka sana. Ile ya umeme tukaifunga chini, kwenye mpira wa chini wa rejeta, ili maji yaifuate yenyewe na hewa isikae ndani yake.

Fundi umeme akaja jioni. Pampu ile inakula ampia kama 10 mfululizo. Yeye akachukua umeme wa kidhibiti kwenye waya wa redio, na waya wa kwenda kwenye pampu ulipopungua akauunga kwa waya wa spika. Akasokota kwa vidole, akazungushia tepu nyeusi, akaupitisha jirani na bomba la moshi. Nilikuwa nimesimama pale. Niliona. Nikasema moyoni, si linawaka?

Liliwaka wiki sita. Desemba nikaelekea Iringa harusini, peke yangu, suti imening'inia nyuma. Kitonga nikakuta msururu wa malori ya Tunduma, mwendo wa mtu na miguu, gia ya kwanza. Kioo kinasoma 86. Kona ya pili, 81. Nikafurahi! Nikasema pampu hii mwanaume. Kona ya tatu 76, na papo hapo nikasikia ile harufu tamu ya kulanti, yale maji ya dawa ya rejeta, kama pipi inaungua. Kabla sijaelewa, injini ikapoteza nguvu na mvuke ukafumuka kwenye boneti mpaka nikawa sioni barabara.

Utingo wa lori lililokuwa mbele yangu akaruka chini na jiwe la kuzuia tairi. Kijana mdogo, kandambili miguuni. Akanikemea nisiguse kifuniko cha rejeta. Tulipofungua boneti akasubiri mvuke upungue, akafunga kitambaa mkononi, akagusa mpira wa juu wa rejeta, karibu na injini, akautoa mkono haraka. Akainama akagusa wa chini. Akaacha mkono pale. Akaniangalia. "Bro, huku chini pa baridi kama soda. Maji hayatembei."

Waya ulikuwa umeyeyuka kwenye kiungo. Pampu ilikufa kimya kimya, na kioo kikaendelea kuwaka kwa sababu chenyewe kina waya wake. Na kwa nini kilikuwa kinashuka? Hili ndilo ninalotaka ulishike, mdogo wangu, hata ukisahau mengine yote. Kihisio cha joto tulikifunga kwenye mpira wa juu, kule mbele karibu na rejeta. Maji yaliposimama, yale ya moto yakabaki ndani ya injini yakigeuka mvuke, na kihisio kikabaki kinapima maji yaliyolala kwenye mpira, yanapoa taratibu. Injini inaungua, kioo kinanipongeza. Geji ya kiwandani nayo sikuwa naitazama tena, nimeshaidharau.

Gasketi za silinda hedi zilikwenda pande zote mbili, na hedi zenyewe zikapinda, zikapelekwa kuchongwa. Harusi sikuhudhuria. Gari lilirudi Dar juu ya brekidauni, na mtu mmoja wa kundi letu la WhatsApp akalipiga picha Chalinze, akaandika, "Pampu ya umeme inahitaji chaji." Watu 43 wakacheka. Niliwahesabu. Wengine niliwakopesha jeki mimi mwenyewe, mvua inanyesha. Sijatoka kwenye kundi, ila siandiki tena humo.

Nilirudia kazi yote upya baada ya miezi minne. Umeme wa pampu sasa unatoka moja kwa moja kwenye betri, una fyuzi yake na rilei yake, yaani swichi ya kubeba umeme mkubwa, waya mnene wa milimita 4 za mraba usio na kiungo hata kimoja njiani. Kidhibiti nimenunua cha kueleweka. Kihisio kipo kwenye bomba la chuma linalotoka kwenye injini yenyewe. Nimeongeza taa nyekundu na king'ora kinacholia pampu ikikosa umeme. Alteneta nimeipima taa zote na feni vikiwa vinawaka, maana pampu inategemea volti. Na hewa, jamani, hewa! EJ inaficha hewa kama mchoyo anavyoficha sukari. Jaza pole pole kupitia lile tangi la juu karibu na tabo, legeza skrubu ya hewa iliyo juu ya rejeta, acha pampu izunguke injini ikiwa imezimwa. Huo nao ni utamu wa pampu ya umeme, unatoa hewa bila kuwasha injini.

Kifuniko cha rejeta kiwe kizima, kinachoshika mgandamizo. Iringa mjini, kwenye mita kama 1,600, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kinachokulinda zaidi ni ule mgandamizo. Na ukiingiwa na shaka njiani, washa hita. Ikipuliza baridi wakati injini ina moto, maji hayatembei, simama.

Halafu jambo ambalo linanichoma kulisema. Tulipofungua injini tuliikagua na rejeta. Nusu ya njia zake zilikuwa zimeziba kwa kutu na chumvi za maji ya bomba, miaka ya kujaziwa maji ya kopo. Yaani foleni ya Ubungo huenda ningeimaliza kwa rejeta safi, thamostati mpya na pampu ya kawaida. Kwa hiyo anza hapo kwanza. Vijana mnapenda kuruka. Mnataka tabo kubwa wakati kulanti hamjui mara ya mwisho imebadilishwa lini, mnalipa rimu kwa mkupuo halafu mnapatana bei na fundi umeme kama mnanunua dagaa. Waya ndugu zangu. Nimesema waya, narudia waya. Simama pale anapofunga, na ukiona anasokota kwa vidole mwambie aache, hata kama ni mkubwa kwako, hata kama giza linaingia.

Ile video uliyoiona ni ya mwezi uliopita. Kona ya tatu nilipiga honi, mama Aisha akauliza namsalimia nani. Juu kule Ilula tukasimama kununua nyanya. Nikazima gari, nikashuka, nikaanza kuchagua. Mama muuzaji akawa analitazama gari, ameshika ndoo mkononi.

"Baba, mbona umelizima na bado linanguruma?"

Nikamwambia asubiri kidogo. Alipomaliza kuhesabu chenji, likanyamaza.