Kwa mnaoanza kutafiti misitu ya mialoni: pimeni mzizi kabla ya urefu

Baada ya mwaka wa mbegu nyingi, sakafu ya msitu wa mialoni hujaa miche, na mtafiti mgeni huandika haraka kwamba msitu unajirudisha wenyewe. Usiandike hivyo. Kwenye kivuli kizito mche huanza maisha kwa akiba iliyomo ndani ya mbegu. Akiba ikiisha na mwanga haupo, mingi hufa ndani ya miaka michache. Idadi ya miche pekee haikuambii lolote kuhusu kesho ya msitu.

Kipimo chenye maana ni kipenyo cha shingo ya mzizi, pale shina linapoingia udongoni. Fukua majani makavu hadi uone udongo wenyewe, bana kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo) mara mbili kwa pembe mraba (shina si duara kamili), kisha chukua wastani kwa milimita. Mche wa sm 30 unaweza kuwa wa mwaka jana, au ukawa chipukizi jipya juu ya mzizi mkongwe ambao machipukizi yake yameliwa na kulungu mara kadhaa. Urefu utawafananisha, shingo itawatenganisha.

Mzizi huo ndio unaoeleza kwa nini moto unaweza kuusaidia mwaloni. Mashariki mwa Marekani, baada ya moto kuzuiwa kwa miongo mingi, mmepo mwekundu (Acer rubrum, kwa Kiingereza red maple) na miti mingine ya kivuli imechukua nafasi chini ya mialoni. Kindi na ndege hufukia mbegu za mwaloni, hivyo macho ya kuchipua hukaa chini ya udongo na moto huyapita juu. Njia iliyojaribiwa huko ni kupunguza kwanza miti mikubwa, karibu nusu, kusubiri miaka 3 hadi 5 mizizi inenepe, ndipo uchome majira ya kuchipua, wakati wapinzani wa mwaloni, kama mmepo, wametumia akiba yao kutoa majani. Wanaoharakisha moto huua mialoni michanga pamoja na wapinzani. Wanaochoma bila kufungua mwanga hukuta mmepo umechipua upya. Kabla ya kuchoma, ondoa matawi yaliyokatwa kwenye vitako vya miti mikubwa. Yakiungulia hapo, unapoteza miti ya mbegu.

Ukipanda mbegu, usiziache zikauke hata kidogo, maana zikikauka zimekufa. Loweka usiku kucha. Zinazoelea, nyingi zimetobolewa na fukusi au ni kavu, tupa. Kundi la mwaloni mweupe huota vuli hiyohiyo, kwa hiyo lipande mara moja. La mwaloni mwekundu linahitaji baridi ya unyevunyevu, takriban nyuzi 1 hadi 4 za Selsiasi, kwa miezi 1 hadi 3, ndani ya mfuko usiofungwa kabisa kwa sababu mbegu inapumua. Zika sm 2 hadi 5, ikilala ubavu, na ufunike kwa wavu wa chuma. Bila wavu, panya watafuata mstari wako mbegu kwa mbegu.

Kuhusu mpangilio wa jaribio: viwanja 20 ndani ya kilima kimoja kilichochomwa siku moja ni jaribio moja, si 20. Tafuta vilima kadhaa, kila kimoja kiwe na sehemu isiyochomwa, na ndani ya kila sehemu, iliyochomwa na isiyochomwa, jozi ya viwanja, kimoja chenye uzio wa kuzuia kulungu. Alama za alumini za kutambulisha miche huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi za Selsiasi. Tumia chuma cha pua, na uifunge kwenye kigingi cha chuma kando ya mche, usiifunge kwenye shina.