Mwanangu anafunga kitabu kabla sijamaliza ukurasa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina binti wa mwaka mmoja na miezi minane. Nilimnunulia vitabu vitatu vya picha: kimoja cha Kiswahili, viwili vya Kiingereza, vya mtumba, pale Posta. Nikianza tu kusoma ananinyang'anya, anafunua ovyo, anarudi kwenye ukurasa wa mbwa, kisha anakitafuna. Baba yake anasema napoteza muda, mtoto mwenyewe hata kuongea bado. Nisubiri mpaka aanze chekechea? – Mama wa Segerea

JIBU: Marahaba mwanangu. Usisubiri, na kitabu mwachie akishike yeye.

Naona unahangaika kuyamaliza maneno yaliyochapwa. Yaache. Binti yako anasoma picha, na wiki hii ukurasa wa mbwa ndio kitabu chake kizima.

Mjukuu wangu alipokuwa na umri huo, kila mwenye miguu minne alikuwa "nyau". Usiku nampakata ndani ya chandarua, naweka kidole kwenye picha ya mbuzi: "Huyu nani?" Halafu nanyamaza. Hapo ndipo wazazi wengi tunaposhindwa, tunauliza na kujijibu papo hapo. Mimi huhesabu moja mpaka tano kimoyomoyo. Akasema, "Nyau." Sikumwambia amekosea. Nikamwambia, "Mbuzi, kama yule wa jirani aliyetafuna khanga yetu kwenye kamba. Meee!" Jioni ya nne, kabla sijauliza, akaanza yeye: "Meee." Neno "mbuzi" lenyewe lilikuja wiki kadhaa baadaye, tulipopita Vingunguti karibu na machinjio, akawaona wamejaa pale. Nilisimama barabarani nikampigia makofi.

Baba yake mwambie hivi. Mwaka 1988, Grover Whitehurst na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti mdogo wa watoto wa miaka miwili hivi. Wote walikuwa wakisomewa nyumbani, ila nusu ya wazazi walifundishwa kuuliza, kusubiri, na kulirefusha jibu la mtoto. Baada ya mwezi mmoja, watoto wao walikuwa wamewapita wenzao kwa miezi kadhaa katika vipimo vya kuongea. Kwa hiyo huko kutoongea kwake ndiko kunakonifanya nikuhimize. Tena mpe baba kazi: akirudi, yeye ndiye aseme "Paukwa!" Binti akiitikia "kawa" tu, ameshajibu hadithi.

Vile viwili vya Kiingereza vifunueni kwa Kiswahili. Ukikuta theluji na huna la kusema juu ya theluji, sema mtoto kavaa sweta jekundu, anasikia baridi, brrr. Inaniuma kuona mama wa hapa mjini akimsomea mwanawe kwa Kiingereza ambacho yeye mwenyewe hakizungumzi kwa raha. Sentensi zinakauka, na mtoto anakosa utamu wa maneno ya mama yake.

Kutafuna kutapita. Bandika selotepu kwenye kona, au mtengenezee chake cha kuchakaza: kata maboksi magumu, gundisha picha za pakiti ya unga na ya sabuni, ya daladala kutoka gazetini, na ya bibi yake, kisha shona pembeni kwa uzi. Cha kwangu kilikuwa na kurasa sita, na hakuna cha dukani kilichopendwa kuliko hicho. Siku ukienda mjini, pita naye Maktaba Kuu ya Taifa, mtaa wa Bibi Titi Mohamed, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere Desemba 1967. Wana sehemu ya watoto.

Dakika tano zinatosha. Akishuka mapajani, mwache ashuke. Kitabu kiache pale mkekani, wazi, kwenye ukurasa wa mbwa.