Re: Kipimajoto gani kisichoyeyuka ndani ya plazma?

Waalaikum salaam, Mwalimu. Hao wanafunzi wako wa Wete wamekukaba kweli! Jibu ni kwamba ndani ya plazma (gesi ya moto mno, atomi zake zimevunjika) hakiingizwi kitu; joto hupimwa kwa mbali.

Kule NIF, maabara ya leza ya Marekani, miali 192 ya leza hupasha kikopo kidogo, na eksirei zake zinakibana kidonge cha haidrojeni nzito kilichomo ndani. Kidonge kikishabanwa hugeuka plazma na hutema nyutroni (chembe za kiini cha atomi), mwendo wake kama kilomita 52,000 kwa sekunde. Nungwi mpaka Mkoani ni milisekunde moja tu (sisi na boti ni masaa, na kutapika juu).

Vipokezi vya mbali huandika muda wa kufika. Chukulia ngalawa za mashindano: zimeng'oa pamoja, zafika zimetawanyika. Nyutroni zikitawanyika zaidi, ujue plazma ilikuwa ya moto zaidi. Umbo lake hupigwa picha kwa eksirei.