Kuku wamekufa kwa kideri: ni antibiotiki gani inaua virusi?

SWALI: Shikamoo daktari. Ninafuga kuku wa kienyeji mkoani Singida, nilikuwa nao 64. Wiki mbili zilizopita wawili walianza kuzubaa na kuharisha kijani, kesho yake mmoja akapinda shingo. Dukani nikapewa OTC (oksitetrasiklini, ni antibiotiki) ya unga, nikawawekea kwenye maji siku tatu, wakazidi kufa. Nikarudi, nikauziwa dawa ya sindano, nikaambiwa hii ina nguvu zaidi, inaua mpaka virusi. Leo wamebaki 11. Jirani anasema nilichelewa kuanza dawa na dozi ilikuwa ndogo. Naomba unitajie dawa yenye nguvu ya kuua virusi vya kideri, na dozi yake, niwe nayo ndani kabla ya msimu ujao.

JIBU: Marahaba, na pole sana. Kuku 53 ni ada ya shule, ni mboga, ni akiba ya nyumba.

Jirani yako amekosea. Aliyekuuzia sindano amekosea zaidi, maana kujua ndiyo kazi yake. Hukuchelewa. Hata ungeanza dawa saa ile kuku wa kwanza alipojikunyata, tena kwa dozi mara tatu, wangekufa vilevile. Dawa unayoniomba haipo dukani kwenu, haipo Dodoma, haipo Ulaya. Hakuna dawa iliyosajiliwa ya kutibu kideri.

Swali lako nalipata kila mara, na kila mara linakuja na neno lile lile: nguvu. Dawa hii imeshindwa, nipe yenye nguvu zaidi. Watu wanazipanga antibiotiki kama pilipili, kwamba OTC ni hoho, tylosin inawasha kidogo, ile sindano ya bei mbaya ndiyo kichaa, na kirusi atakimbia ukifika kwenye kichaa. Antibiotiki haifanyi kazi hivyo. Kila moja ina mahali pake pa kushika ndani ya bakteria. Jamii ya penisilini huharibu ujenzi wa ukuta wa bakteria, mpaka bakteria apasuke. Oksitetrasiklini, ule unga wa njano uliokoroga kwenye maji, hung'ang'ania ribosomu za bakteria, yaani mitambo yake ya kutengenezea protini, ikazikwamisha. Sasa kirusi hana ukuta wa aina hiyo. Ribosomu pia hana. Umemtoboa tairi mtu anayetembea kwa miguu.

Kirusi cha kideri ni kitu kidogo mno na masikini mno. Ndani kina uzi mmoja wa RNA, yaani maagizo ya kumtengeneza, wenye herufi elfu kumi na tano na ushei, jeni sita kwa jumla. Bakteria wa kawaida wa utumbo, E. koli, ana jeni zaidi ya elfu nne. Uzi huo umevikwa protini, kisha juu yake kuna utando wa mafuta ambao kirusi ameupora kwenye seli ya kuku aliyetangulia kuugua. Basi. Hali, hapumui, hakui, hagawanyiki. Akiwa kwenye kinyesi sakafuni mwa banda lako hafanyi lolote. Anangoja tu, na jua na joto vinammaliza polepole.

Kazi inaanza kuku anapomvuta kwa pua au kummeza kwenye maji. Juu ya utando wake kuna protini mbili zilizochomoza kama miiba. Ya kwanza, HN, inanasa aina ya sukari iliyoko juu ya seli za kuku. Ya pili, F, inaunganisha utando wa kirusi na utando wa seli, tundu linafunguka na RNA inaingia ndani. Kirusi ameingia na kimeng'enya chake, yaani protini mfanyakazi, cha kunakili RNA, kwa sababu seli ya kuku haina cha kazi hiyo. Vingine vyote anavikuta humo ndani: ribosomu za kuku, nishati ya kuku, malighafi ya kuku. Seli ambayo asubuhi ilikuwa inasafisha koo la tetea wako, jioni inatengeneza protini za kirusi, na virusi wapya wanachomoza juu yake wakiwa wamejifunika utando wake.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Kiwanda ni cha kuku mwenyewe, ukikilipua unamuua kuku.

Najua utaniuliza kuhusu ARV, maana huulizwa kila mara. Ni kweli, zipo dawa za virusi. ARV nyingi hushika vimeng'enya ambavyo VVU anavyo na binadamu hana, kama kile kinachogeuza RNA yake kuwa DNA. Ziliundwa kwa ajili ya kirusi yule, kwa utafiti wa miaka mingi na fedha nyingi, na hata hivyo hazimng'oi: DNA yake imeshajipachika ndani ya DNA ya mgonjwa, ndiyo maana dawa humezwa maisha yote. Kwa kawaida dawa ya kirusi mmoja haimgusi mwingine. Nimewahi kumkuta mfugaji aliyesaga ARV akazichanganya na pumba. Kuku walikufa, na mtu fulani alikosa dozi yake.

Sasa hiki cha kupinda shingo, kwa sababu wengi wanadhani ni ugonjwa mwingine, au jicho la mtu. Ile protini F inatengenezwa ikiwa imefungwa. Haiwezi kufungua seli mpaka ikatwe mahali fulani, na anayeikata ni kimeng'enya cha kuku. Aina za kideri zilizo pole zina mahali pa kukatwa panapokubali vimeng'enya vya koo na utumbo tu, kwa hiyo kirusi anazunguka huko huko, kuku anakohoa kidogo au haonyeshi chochote. Aina kali zimebadilika pale pale, sehemu ndogo kabisa, zikakubali kukatwa na furini, kimeng'enya kilichomo karibu katika kila seli ya mwili. Kwa hiyo kirusi anapenya popote: mapafu, bandama, utumbo, ubongo. Akifika kwenye ubongo, shingo inapinda, bawa linalegea, kuku anazunguka pale alipo kama amelewa. Tofauti kati ya kikohozi na banda tupu iko hapo.

Mwezi uliopita mzee mmoja aliniletea jogoo kwenye mfuko wa salfeti, amekufa asubuhi ile. Nilimpasua juu ya mfuko uleule, chini ya mwembe. Kabla ya firigisi kuna tumbo dogo lenye kuta nene. Ukilikata kwa urefu na kulisuuza unaona vivimbe vidogo vidogo vimejipanga, navyo ni midomo ya tezi. Kwa jogoo yule kila kimoja kilikuwa na doa la damu juu yake, jekundu kabisa, kama mtu amepita na ncha ya kalamu. Mzee aliangalia, akanyamaza, kisha akauliza sindano ni shilingi ngapi. Nilimrudishia pesa yake mfukoni.

Kwa nini basi 11 wako wamepona? Si OTC, na si sindano. Katika kundi la kienyeji huwa wapo waliowahi kukutana na aina pole, au waliopata chanjo ya jirani bila wewe kujua, au waliopata virusi wachache na kinga zao zikawahi. Hao wangepona hata kama ungewapa maji matupu. Lakini ndivyo sifa za dawa zinavyojengwa: waliokufa walichelewa, waliopona wametibiwa. Kwa hesabu hiyo hata majivu ni dawa.

Niseme na upande wa pili. Kuku aliyechoshwa na kirusi anaweza kuvamiwa na bakteria kwenye mapafu, na hapo daktari akiona dalili anaweza kuandika antibiotiki kwa ajili ya hao bakteria. Ndipo mwanya ulipopatikana. Muuzaji alimsikia daktari akiandika OTC kwenye banda lenye kideri, akahitimisha kwamba OTC ni ya kideri.

Halafu kuna wale wa chupa. Mnadani nimeshika chupa ya soda yenye maji ya kahawia, imeandikwa kwa kalamu "KIDERI, GUMBORO, NDUI, MAFUA". Nilifungua nikanusa: shubiri, pilipili, na ile harufu ya kapsuli za amoksilini. Magonjwa matatu ya virusi wasiohusiana kabisa, pamoja na "mafua" ambayo kwa kuku yanaweza kuwa ya bakteria, yote kwenye chupa moja. Kirusi wa ndui ana DNA na anaishi kwenye ngozi na koo. Kirusi wa Gumboro hana hata utando wa mafuta, anakaa bandani miezi mingi, na anashambulia kiungo kilichoko juu ya tundu la haja ambako askari wa kinga wa kuku hukomaa. Aliyechanganya chupa ile hawajui hata mmoja wao. Shubiri sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni siku tatu unazozipoteza ukisubiri ifanye kazi, huku kuku wagonjwa wakinywea chombo kimoja na wazima.

Na hasara haiishii kwa kuku. Ile sindano uliyowachoma waliopona bado imo kwenye nyama na mayai yao kwa siku kadhaa. Idadi imeandikwa kwenye lebo, na kama hukupewa lebo, daktari wa wilaya akusaidie kujua ilikuwa dawa gani. Bakteria waliokuwa matumboni mwa kuku wako, ambao hawakuwa na kosa lolote, nao wameonja dawa kwa dozi za kubahatisha. Waliokufa ni dhaifu. Waliobaki ni wale wanaoijua, na kinyesi chao kinakwenda kwenye bustani ya mchicha. Siku mtoto anapopata kidonda au homa ya bakteria wa kweli, dawa ileile inaandikwa hospitali na huenda isifanye kitu. Watu wazima nao wanafanya hivyohivyo kwa miili yao: mafua siku mbili, mtu anakwenda kununua kapsuli sita za rangi mbili, anameza nne, siku ya tano mafua yanaisha yenyewe kama ambavyo yangeisha, na kapsuli zinapewa sifa. Mbili zilizobaki zinawekwa kwenye kabati kwa ajili ya kuku.

Kinachofanya kazi dhidi ya kideri ni viwili, na vyote ni vya kabla.

Cha kwanza ni chanjo. Ya matone ya macho, I-2, ni kirusi hai wa kideri wa aina pole, mwenye protini F isiyokubali furini. Anazaliana kidogo kooni, askari wa kinga wanamjua sura, basi. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingine nyingi za kideri, ndiyo maana inafaa vijijini, lakini isafirishwe kwenye ubaridi au ikiwa imezungushiwa kitambaa kibichi kivulini. Usiiache juu ya kapu la baiskeli saa sita mchana. Rudia kila miezi mitatu. Kinga huchukua kama wiki moja hadi mbili kujijenga, kwa hiyo kuchanja siku unayoona kuku wamejikunyata ni kama OTC tu: aliyekwishaambukizwa haimwokoi, kisha watu wanasema chanjo ndiyo iliyoua.

Cha pili ni mipaka. Wafugaji husema kideri huletwa na upepo wa kiangazi. Mara nyingi zaidi huletwa na tenga la mchuuzi, jogoo wa zawadi, trei za mayai zilizotumika, na miguu. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliingia banda la pili na buti nilizotoka nazo banda la kwanza, na wiki iliyofuata nilirudi pale kuhesabu mizoga. Nje ya mwili, ule utando wa mafuta ndio udhaifu wa kirusi huyu: sabuni ya kawaida huuyeyusha, na bila utando hawezi kuingia kwenye seli. Ndani ya kuku huwezi kufikisha sabuni.

Kwako sasa. Mizoga ifukiwe kwa kina mbwa wasichofikia, au ichomwe. Usiuze wala usigawe. Kwangua kinyesi, osha banda na vyombo kwa sabuni, acha jua liingie. Usinunue kuku wapya kwa wiki kadhaa baada ya kifo cha mwisho, kwa sababu waliopona wanaweza kuendelea kutoa virusi. Wapya wachanjwe na wakae wiki mbili huko wanakotoka kabla hujawaleta, na hao 11 uwaingize kwenye ratiba hiyohiyo. Chupa moja ya chanjo ina dozi nyingi kuliko kuku ulionao, kwa hiyo zungumza na nyumba tano sita mchanje siku moja, mkianza na yule jirani.

Namna ya kudondosha: mshike kuku kwapani, mgeuze kichwa ubavu mpaka jicho moja liangalie juu. Chupa isiguse jicho. Tone moja tu, kifaranga na jogoo ni sawasawa. Usimwachie hapohapo, ngoja apepese jicho ndipo umtue. Na wewe ukimaliza nawa mikono kabla hujajigusa uso, maana kirusi huyu, hata yule wa chanjo, anaweza kumpa binadamu jicho jekundu la siku chache.